Ukiitwa kwenye Kikao cha Nidhamu Kazini

Barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu ikikufikia, anza kwa kutafuta mtu wa kuingia naye. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, hii ni haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinamruhusu asaidiwe na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Ukipewa barua jioni kwa kikao cha kesho asubuhi, andika siku hiyohiyo kuomba kiahirishwe.

Kama ni mwanachama, mwone kiongozi wa tawi, kwani vikao vya namna hii si vigeni kwake. Kama si mwanachama, mchague mwenzako kwa utulivu wake kuliko kwa urafiki: mtu atakayeandika yote yanayosemwa na kukutuliza hasira ikipanda. Wengi huogopa kuonekana wapinzani wa bosi, na hofu hiyo ina msingi. Mweleze wazi kwamba humwombi aseme uongo, kisha mpe barua aisome mwenyewe.

Pitieni tuhuma moja baada ya nyingine. Tuseme wewe ni keshia na inadaiwa droo yako ilipungua fedha. Ombeni kwa maandishi taarifa ya uchunguzi, hesabu za kufunga siku na ratiba ya zamu, mjue nani mwingine aliishika droo ile na ufunguo ulikuwa kwa nani. Ulizeni pia mwenyekiti ni nani. Anatakiwa awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Aliyekutuhumu hafai kukuhukumu.

Kikaoni, jibu kwa ufupi, na usisaini muhtasari usiousoma. Ukiwekewa mezani barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa, usiitie saini kabla ya kupata ushauri wa kisheria. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu huwasaidia bure wasiomudu gharama za wakili.

Ukiachishwa kazi na ukaona umeonewa, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakala ya fomu ya kupeleka mgogoro lazima imfikie mwajiri. Anayeipokea ofisini aisaini na kuigonga mhuri, maana Tume itataka uthibitisho huo.