Jua Kaunti Yako: Milima ya Taita Si "Milima Tu"

Mgeni ameshuka kwenye matatu mjini Wundanyi, mkoba mgongoni. Anamuuliza kijana wa bodaboda, "Hapa kuna nini cha kuona?" Kijana anatazama huku na huku, kisha anajibu, "Hapa ni milima tu." Mgeni anapiga picha mbili, anakunywa chai na kupanda matatu ya kurudi Voi. Kijana amekosa kazi ya siku nzima, na mama wa hoteli amekosa mteja wa chakula cha mchana.

Kijana huyo hana lawama. Wakazi wengi wamezaliwa na kukulia katika mabonde haya bila mtu kuwaeleza kwamba baadhi ya vitu vinavyoishi mlimani kwao havipatikani kwingine kokote duniani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti jukumu la utalii wa mashinani. Lakini wa kwanza kumpokea mgeni si afisa, ni mkazi. Somo hili linampa mkazi jibu la swali la mgeni, pamoja na sababu za kulilinda jibu hilo lisipotee.

Kwa nini kuna ukungu

Milima ya Taita inainuka ghafla kutoka nyika kavu ya Tsavo. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria, kirefu kuliko vyote, kiko mita 2,208. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka Voi akitokwa jasho na kufika karibu na Vuria akitafuta sweta.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu. Ukivuka nyika haukutani na kizuizi kikubwa hadi ufike kwenye milima hii. Hapo hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Miti ya msituni hunasa ukungu huo kwa majani na ndevu za miti, kisha maji hudondoka chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Matone hayo husaidia kulisha chemchemi za mabondeni. Mto Voi, ambao watu wa chini huuona mara nyingi ukiwa mchanga mtupu, chanzo chake kiko huku juu.

Kwa hiyo mgeni anayetazama ukungu ukitambaa juu ya matuta ya mahindi na migomba ya Wundanyi haoni mandhari tu. Anaona mtambo wa maji ukifanya kazi.

Vuria: amka mapema

Kutoka Voi hadi Mwatate ni kama kilomita 25 kwa barabara ya lami iendayo Taveta. Mwatate ndipo barabara ya Wundanyi inapoanza kupanda kwa kona kali. Anayetaka kufika Vuria afike alfajiri, kabla ya mawingu kufunga. Asubuhi iliyo safi, mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 huonekana upande wa magharibi, na chini hutandaa nyika ya Tsavo na mashamba ya mkonge ya Mwatate. Mawingu yakishafunga, mgeni atabaki akitazama minara ya mawasiliano iliyo kileleni na ukungu mweupe. Anayemwongoza mgeni amwambie ukweli huo jioni ya kuamkia safari, asimwache aujulie kileleni.

Ngangao na ndege wasio na kwao kwingine

Milima ya Taita ni mwanzo wa kaskazini wa safu ya kale iitwayo Tao la Mashariki, ambayo hupitia Pare na Usambara hadi Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Kwa upande wa Kenya, safu hiyo ipo Taita peke yake. Kwa muda mrefu sana misitu ya juu imekuwa kama visiwa: imezungukwa na nyika kavu, na viumbe vyake havikuweza kuhamia kwingine. Vikabadilika kivyake.

Msitu wa Ngangao una ukubwa wa takriban hekta 120. Ungekuwa mraba, kila upande ungekuwa na kilomita moja na ushei, urefu ambao mtoto wa shule huutembea kila asubuhi. Humo anaishi ndege ambaye wataalamu humwita Turdus helleri: kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya machungwa, tumbo jeupe. Hutafuta chakula chini, kwenye majani makavu yaliyo kivulini. Yumo pia Apalis fuscigularis, ndege mdogo mwenye mkia mrefu na koo jeusi, anayejificha kwenye vichaka vya msituni. Wote wawili wanaishi kwenye vilima vya Taita peke yake. Wa tatu, mwenye duara kubwa jeupe kuzunguka jicho, anapatikana Taita na mlima Kasigau tu.

Ndege wa kwanza hapendi kuvuka uwanda ulio wazi. Shamba lililo kati ya msitu mmoja na mwingine ni kama bahari kwake. Kila kipande cha msitu kinachokatwa humfungia katika kisiwa kidogo zaidi. Tembo akitoweka Tsavo, anaweza kuletwa kutoka kwingine. Ndege hawa wakitoweka Ngangao, Chawia na Mbololo, hakuna pa kwenda kuwachukua.

Mbololo, uliotengwa na safu kubwa ya Dawida na bonde la Paranga, una ua lake pia. Ni mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, wa jamii ya Saintpaulia ambayo watu wa Ulaya na Marekani hupanda kwenye vyungu madirishani. Aina hii ya Mbololo humea yenyewe kwenye kilima hicho tu. Atakayeonyeshwa alipige picha na kuliacha lilipo.

Aliye shambani, si nyoka

Si kila ajabu iko msituni. Anayelima kwenye udongo wenye unyevu huweza kufukua mnyama mrefu asiye na miguu, anayefanana na nyungunyungu mkubwa. Wengi humkata kwa jembe wakidhani ni nyoka. Yeye ni wa kundi moja kubwa na vyura, na jina lake la kisayansi, Boulengerula taitana, limebeba jina la Taita. Mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi anavyolea: ngozi ya mama hunenepa na kujaa lishe, na watoto huila kidogo kidogo bila kumdhuru. Mkulima akimkuta, amfukie na kuendelea na kazi. Habari zake peke yake zatosha kumfanya mgeni akae shambani nusu saa.

Mapango na fighi

Wazee wa Dawida walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la mzee wa ukoo baada ya muda kupita tangu azikwe, na kuliweka pangoni pamoja na ya waliomtangulia. Hapo ndipo ukoo ulipokumbuka waliotangulia na kuomba wakati wa shida. Desturi ilififia baada ya wamishonari kufika miaka ya 1880 na 1890, lakini mafuvu yangalipo kwenye mapango kadhaa, likiwemo moja lililo karibu na mji wa Wundanyi.

Mapango hayo ni makaburi ya watu wenye wajukuu walio hai. Mgeni aende na mwenyeji aliyeruhusiwa na wazee, asiguse fuvu, asilisogeze ili apate picha nzuri. Mwenyeji anayemruhusu mgeni kuchezea mafuvu anauza babu yake mwenyewe.

Kuna pia fighi, vipande vya msitu vitakatifu ambavyo jadi ilikataza kukata mti ndani yake. Wazee waliamini fighi huilinda nchi. Mtu anaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa, lakini matokeo yanaonekana kwa macho: mahali pengi ambapo katazo liliheshimiwa, miti ya asili ingali imesimama katikati ya mashamba.

Mambo ya kumwandalia mgeni

• Majira: mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba. Njia za mlimani huteleza. Januari na Februari ni nzuri kwa kutembea. Juni hadi Agosti kuna baridi na ukungu mwingi.

• Mavazi: viatu vyenye meno, sweta na koti la mvua, hata kama Voi kuna jua kali.

• Ruhusa: kabla ya kuingia msituni, ulizia katika ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, iliyo karibu. Kwa mapango na fighi, anza kwa chifu na wazee wa eneo hilo.

• Bei: mwenyeji na mgeni wakubaliane malipo kabla ya kuondoka. Ugomvi wa nauli njiani husimuliwa mbali kuliko uzuri wa Vuria.

• Chakula: mgeni apewe kimanga, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au viazi, badala ya chipsi anazoweza kupata popote.

• Taka: kilichopanda mlimani kwenye mfuko kishuke kwenye mfuko.

Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni au barazani

1. Chemchemi gani katika kijiji chenu ilikuwa na maji miaka ishirini iliyopita na sasa imekauka? Juu yake kulikuwa na miti gani?

2. Ni mzee gani anayejua mipaka ya fighi iliyo karibu nanyi? Nani mwingine atakayeijua baada yake?

3. Mgeni akifika kesho na kuuliza, "Hapa kuna nini?", kila aliye kwenye kikao atajibu nini kwa sentensi tatu?

Swali la tatu ndilo mtihani wenyewe. Kijana wa bodaboda anayeweza kusema, "Nitakupeleka Vuria alfajiri uone Kilimanjaro, halafu Ngangao kuna ndege asiyepatikana nchi nyingine yoyote," ameshapata kazi ya siku nzima. Naye akishaipata, atakuwa wa kwanza kuuliza ni nani aliyeingia Ngangao na shoka.