MBWA ANAPOZAA: WAKATI WA KUNGOJA NA WAKATI WA KUMWITA DAKTARI

Mkulima wa skimu humtegemea sana mbwa wake, maana usiku ndiye mlinzi wa ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku. Lakini siku ya kuzaa, mara nyingi mbwa jike huachwa ajifiche chini ya ghala peke yake, au watu humzunguka na kumvuta mtoto kwa nguvu. Njia zote mbili zaweza kuua. Mbwa wengi huzaa vizuri bila msaada. Kazi yako ni kumtayarishia mahali, kumtazama, na kujua saa ya kumwita daktari wa mifugo.

Kabla ya kuzaa

Andika tarehe aliyopandwa. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Siku chache pungufu au zaidi si ajabu. Wiki moja kabla, mpe sanduku au pembe ya kibanda pasipo upepo wala matope, penye nafasi ya kujinyosha. Tandika magunia safi na makavu. Mahali pa baridi kama Nyandarua jambo hili ni kubwa zaidi, kwa maana mtoto aliyezaliwa sasa hivi hawezi kujipasha joto. Akipoa hanyonyi, na asiponyonya hufa.

Weka tayari vitambaa vikavu, iodini, saa, na uzi na makasi vilivyochemshwa.

Uchungu unapoanza

Mbwa hukataa chakula, huhema na kukwaruza matandiko. Hali hii huchukua saa 6 hadi 12, na pengine hata saa 24. Ngoja. Watoto na majirani wasimkusanyikie.

Mtoto huja ndani ya ngozi nyembamba. Mama huipasua na kumlamba. Asipofanya hivyo mara moja, ipasue wewe kwa vidole safi ukianzia usoni, upanguse pua na mdomo, kisha umsugue kwa kitambaa mpaka alie. Ikiwa mama hakukata kitovu, funga uzi karibu inchi moja kutoka tumboni, ukate upande wa mbali, upake iodini. Mtoto akitanguliza miguu ya nyuma usiogope; kwa mbwa wengi huzaliwa hivyo. Mweke kwenye chuchu upesi, kwa kuwa maziwa ya kwanza humkinga na magonjwa.

Mwite daktari bila kukawia ikiwa:

1. Mama amesukuma kwa nguvu kwa nusu saa na mtoto hajatoka.
2. Mtoto amekwama njiani.
3. Saa 2 zimepita tangu mtoto wa mwisho, na tumboni bado mna wengine.
4. Majimaji ya kijani yametoka kabla ya mtoto wa kwanza. Baada ya mtoto wa kwanza, rangi hiyo ni ya kawaida.
5. Siku 68 zimepita tangu apandwe, wala hakuna dalili.

Usitie mkono ndani, wala usivute kwa kamba kama ndama. Pia usikubali mtu yeyote amdunge sindano ya kuongeza uchungu kabla daktari hajampima. Ikiwa mtoto amefunga njia, sindano hiyo yaweza kupasua tumbo la uzazi, na mama akafa pamoja na watoto wake.

Baada ya kuzaa

Mpe mama maji na chakula cha kutosha. Katika wiki za kwanza za kunyonyesha, akitetemeka na miguu ikikakamaa, huenda amepungukiwa na kalisi, kama ng'ombe mwenye homa ya maziwa. Mwite daktari mara moja.

Watoto wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, na chanjo ya kichaa cha mbwa wakiwa na miezi 3.

Andika mambo hayo 5 kwenye karatasi pamoja na nambari ya simu ya daktari wa mifugo aliye karibu, uibandike kibandani mapema. Usiku wa manane si wakati wa kuanza kuitafuta.