Je, Mji Huharibiwa na Chama au na Wingi wa Watu?

Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia, watu husikika wakisema maneno ya namna mbili. Wengine husema, "Mji huu ni mchafu kwa sababu ya chama kinachoushika, kikiondoka mtaona." Wengine hujibu, "Msiwalaumu bure. Watu wamezidi mno. Nani awezaye kuzoa taka za mamilioni?" Maneno yote mawili yaelekea kuwa ya kweli, na yote mawili ni rahisi kusema, kwa maana hayamtaki msemaji afunue daftari la hesabu za mji. Nimejaribu kuyapima kwa habari za miji michache. Nitaanza na Marekani, kwa kuwa kule miji ni mingi, vyama vikubwa ni viwili, na habari za miji zimeandikwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kisha nitarudi kwetu, Dar es Salaam.

Tuutazame kwanza mji wa New York mwaka 1894. Barabara zake zilijaa mavi ya farasi, majivu na taka za jikoni, na usiku magari ya kukokotwa yaliachwa njiani kwa maelfu, hata mfagiaji asipate pa kupitisha ufagio. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Tammany Hall, ndilo kundi lililokishika chama cha Democratic mjini humo. Kazi ya kufagia ilikuwa kama zawadi: aliyekitafutia chama kura alipewa ufagio na mshahara, na hakuna aliyemwuliza kama amefagia. Mwaka 1895 akaingia meya wa upande mwingine, William Strong, naye akamweka Kanali George Waring kuwa mkuu wa usafi. Waring alikuwa fundi wa mabomba ya maji machafu, si mtu wa chama. Aliyaondoa magari njiani, akawafukuza wavivu, akawavika wafagiaji wote nguo nyeupe. Watu walicheka sana. Nguo nyeupe kwa mzoa mavi! Lakini aliyevaa nyeupe hawezi kujificha. Mtaa mzima humwona kama anafanya kazi au amekaa. Mwaka 1896 wafagiaji hao walipita mjini kwa gwaride, na baadhi ya waliokuja kuwazomea waliishia kuwapigia makofi.

Watu wa New York, ambao kwa hesabu ya 1890 walikuwa zaidi ya 1,500,000, hawakupungua katika miaka hiyo, walizidi kuongezeka. Kwa hiyo wingi wa watu haukuwa kisingizio. Lakini msomaji aweza kusema, "Basi chama ndicho kilichofanya tofauti, maana alipotoka huyu na kuingia yule barabara zilisafishika." Ni kweli, ila tutazame ni kwa njia gani. Tammany haikuwa na imani yoyote juu ya taka. Uchafu ulitoka katika desturi ya kutoa kazi ya mji kuwa malipo ya kura, na desturi hiyo chama chochote duniani chaweza kuwa nayo. Mwaka 1898 Tammany ilirudi, na Waring akaondoka. Mwaka huo huo alikufa kwa homa ya manjano baada ya kwenda Havana kutazama hali ya usafi wa mji ule.

Mfano wa pili ni Milwaukee, mji ulio kando ya Ziwa Michigan. Nimeuchagua kwa sababu kama kuna chama kilichokuwa na imani kali, ndicho kilichoushika mji huu. Mwaka 1910 wenyeji walimchagua Emil Seidel, Msoshalisti, yaani mjamaa, akawa meya wa kwanza wa chama hicho katika mji mkubwa wa Marekani. Baada yake Msoshalisti Daniel Hoan alitawala tangu 1916 mpaka 1940, na Frank Zeidler tangu 1948 mpaka 1960. Jumla ni miaka 38. Mtu angetazamia kwamba kwa muda huo wote viwanda vya Milwaukee vingekuwa mali ya umma. Haikuwa hivyo. Walichofanya zaidi ni kulipa madeni ya mji, kutunza afya, kujenga bustani, na kutia mabomba ya maji machafu. Walijisifia mabomba hayo hata Wasoshalisti wenzao wa miji mingine wakawacheka na kuwapa jina la "wajamaa wa mitaro". Nadhani ni jina la heshima kuliko walivyodhani waliolitoa.

Mtambo wao mkubwa wa kusafisha maji machafu ulijengwa mahali paitwapo Jones Island. Humo vijidudu hula uchafu ulio katika maji, kisha tope linalobaki hukaushwa kwa moto na kutiwa magunia. Tangu mwaka 1926 tope hilo liliuzwa kuwa mbolea, na huuzwa hata leo. Lakini ni nani aliyeanzisha kazi hiyo? Tume ya mabomba iliundwa mwaka 1913, wakati Seidel alikuwa amekwisha kuondolewa na meya alikuwa Gerhard Bading, aliyesimamishwa na Democratic na Republican kwa pamoja ili kuwashinda Wasoshalisti. Mtambo ukaanza kazi Hoan akiwa meya. Chama kimoja kilipanda na kingine kikavuna, na katikati yao mafundi walikuwa wale wale. Angaliingia mtu wa kuifuta tume kwa sababu tu iliundwa na wapinzani wake, maji machafu yangaliendelea kumwagwa ziwani, katika ziwa lile lile wanalonywa.

Mifano miwili haitoshi kuthibitisha jambo, kama mwalimu yeyote wa sayansi atakavyotukumbusha. Ndiyo maana kazi ya wachumi wawili, Fernando Ferreira na Joseph Gyourko, iliyotolewa mwaka 2009, ina thamani. Walichukua habari za uchaguzi wa mameya katika miji zaidi ya 400 ya Marekani tangu mwaka 1950. Ugumu wa kulinganisha ni huu: mji uliochagua Democratic huenda ni tajiri, au maskini, au una watu wa namna nyingine kuliko uliochagua Republican, sasa utajuaje kama tofauti imeletwa na meya au na watu wenyewe? Wao walitazama sana ile miji ambayo mshindi alishinda kwa kura chache mno. Mji uliompa Democratic kura 51 katika mia na ule uliompa 49 ni kama pacha. Bahati tu ndiyo imewatenga. Walipoipima miji hiyo pacha, hawakuona tofauti ya maana katika ukubwa wa matumizi ya mji, wala katika mgawanyo wa fedha, wala katika uhalifu. Si wote wanaokubali. Mwaka 2016 wataalamu wengine, Justin de Benedictis-Kessner na Christopher Warshaw, walitoa hesabu zao wakionyesha kwamba mameya wa Democratic hutumia fedha zaidi na kukopa zaidi. Kwa hiyo si haki kusema kwamba chama si kitu kabisa. Lakini kutumia zaidi ni jambo moja, na kutumia vizuri ni jambo jingine. Mtaro waweza kuzibuliwa kwa fedha nyingi au kwa fedha chache.

Sasa tugeukie wingi wa watu. Hapa mfano wa Detroit unapindua kabisa mawazo yetu. Mwaka 1950 mji huo wa viwanda vya motokaa ulikuwa na watu karibu 1,850,000. Mwaka 2010 walibaki 713,777. Kama wingi ndio uharibuo, Detroit ungalizidi kuwa mzuri mwaka hata mwaka. Badala yake, Julai 2013 mji ulikwenda mahakamani kutangaza kwamba umefilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18, na kadiri ya taa 40 katika kila 100 za barabarani zilikuwa haziwaki. Sababu ni rahisi kuifahamu. Watu na viwanda vilihama, wengi wakivuka tu mpaka wa mji na kwenda kukaa jirani. Kodi zao zikaenda nao. Lakini mabomba, barabara na taa havihami. Eneo la mji lilibaki lile lile, kama kilometa za mraba 360, na wazee waliowahi kuufanyia mji kazi walistahili malipo yao ya uzeeni. Tena kulikuwa na mikopo mibaya, na meya mmoja wa zamani aliyetiwa hatiani kwa rushwa mwaka ule ule wa 2013. Detroit uliongozwa na watu wa Democratic tangu 1962; taa zilizimika chini yao, na meya wa Democratic aliyeingia mwaka 2014 ndiye aliyeziwasha, taa mpya 65,000, kazi ikaisha mwaka 2016. Katika hili chama hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba madeni yalipunguzwa mahakamani na kazi ya taa ikapewa chombo chake chenye fedha zake.

Kwa upande wa pili, mwaka 1993 shirika la Bertelsmann la Ujerumani liliitafuta miji inayoendeshwa vizuri duniani, na zawadi ikagawiwa miji miwili: Phoenix wa Marekani, uliokuwa na watu karibu milioni moja, na Christchurch wa New Zealand, wenye watu wapata 300,000. Mmoja mara tatu ya mwenzake, na zawadi ni moja. Katika Phoenix wagombea wa udiwani hawaandikiwi chama katika karatasi ya kura, na kazi za kila siku husimamiwa na mkurugenzi aliyeajiriwa na madiwani.

Haya, na sisi? Dar es Salaam yatufundisha jambo ambalo Marekani haiwezi kutufundisha, kwa sababu kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na chama kimoja tu. Mji ukipanda au ukishuka katika miaka hiyo, hakuna awezaye kusema kwamba ni kwa kubadilisha chama. Nao ulipanda na kushuka sana. Mwaka 1972 ulitangazwa mpango wa Madaraka Mikoani, na muda si mrefu halmashauri za wilaya na za miji zikavunjwa. Kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa mikoa. Mitaro ikaziba, barabara zikaharibika, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaenea. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja serikali za mitaa ni mojawapo ya mambo ambayo asingeyafanya tena.

Kurudishwa kwa halmashauri hakukuponya kila kitu. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliipeleka halmashauri ya jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na harufu ya jaa lililokuwa katikati yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kila tani 100 za taka za Dar es Salaam, hazikuondolewa hata tani 10. Tangu 1994 kazi ya kuzoa ikaanza kupewa makampuni, kisha na vikundi vya wenyeji katika mitaa. Mwaka 1996 serikali iliivunja halmashauri ya jiji na kuweka tume mpaka 2000, ndipo zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000, kiasi cha theluthi ya taka au zaidi kilikuwa kinaondolewa. Na watu? Sensa ya 1988 iliwakuta kadiri ya 1,360,000. Sensa ya 2002 iliwakuta karibu 2,500,000. Watu walikaribia kuwa mara mbili, chama tawala kilikuwa kile kile, na taka zilizoondolewa zikaongezeka. Theluthi si kitu cha kujivunia, najua, kwa maana theluthi mbili zilibaki. Lakini mwendo ulikuwa wa kupanda.

Baada ya uchaguzi wa 2015, mameya wa upinzani waliongoza Dar es Salaam, Arusha na miji mingine kadhaa, na wengi walitazamia kwamba sasa ndipo tofauti ya vyama itakapoonekana. Kipimo hicho hakikupata nafasi ya kutosha. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulitolewa katika halmashauri ukapewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 barabara za mitaa zilikabidhiwa TARURA, ambayo haiko chini ya madiwani. Maji yalikuwa tayari na mamlaka yake. Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Tangu mwaka huo huo mwenye nyumba hulipa kodi ya jengo kidogo kidogo kila anunuapo umeme wa luku, hata wengi hawajui wamelipa lini. Diwani amebakiwa na taka, masoko, shule za msingi, zahanati na mambo kama hayo. Mgombea akija mtaani kwetu akaahidi lami, si vibaya mpiga kura amwulize, awe wa chama gani, lami hiyo ataitoa katika fungu la nani.