Kolesteroli: Vidonge vya steroli vinasaidia, lakini usiache dawa

Ukisimama Chaka ukielekea Nanyuki, ni vigumu kupita bila kununua nyama choma. Nyama si adui. Tatizo ni mafuta yake yakiliwa kila mara, kwani huongeza kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye majibu ya maabara. Kolesteroli hiyo hujikusanya katika mishipa ya damu polepole, bila maumivu, hadi siku mtu anapopata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Huenda umeona vidonge vya steroli za mimea kwenye duka la dawa. Je, vinafaa?

Vinavyofanya kazi
Steroli hupatikana ndani ya mimea na umbo lake hufanana na la kolesteroli. Zikifika kwenye utumbo, hugombania nafasi ya kufyonzwa. Sehemu ya kolesteroli hukosa nafasi na kutoka kwa choo. Ndiyo maana vidonge hivi humezwa pamoja na mlo.

Vinapunguza kiasi gani?
Gramu 2 kwa siku hupunguza LDL kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Aliye na LDL ya 5.0 atafika kama 4.5, ambayo bado iko juu. Dawa za statini hupunguza kwa asilimia 30 au zaidi. Kwa hivyo, ukiandikiwa statini, usiziache kwa sababu ya vidonge vya steroli. Mwonyeshe daktari unachotumia. Huenda akakubali utumie vyote viwili. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasivitumie bila ushauri wa daktari.

Anza na sahani
Chakula cha kawaida hutupatia chini ya nusu gramu ya steroli kwa siku, lakini vyakula vya mimea vina nyuzinyuzi ambazo pia hushusha kolesteroli.

• Kula githeri yenye maharagwe mengi, ndengu au njahi.
• Ongeza avokado na karanga kidogo.
• Pika kwa mafuta ya alizeti au mahindi badala ya mafuta yaliyoganda.
• Ukila choma, ondoa mafuta, punguza kipande na uongeze kachumbari na sukuma wiki.

Pimwa
Kolesteroli haina dalili. Ikiwa umefikisha miaka 40, una kisukari au shinikizo la damu, au jamaa wa karibu aliugua moyo mapema, uliza kituo chako cha afya kuhusu kipimo cha mafuta katika damu.