Pombe na Mawazo: Kijana Kujisaidia kwa Simu, Handeni na Korogwe

Sonona na ulevi ni magonjwa mawili yanayopenda kumpata kijana mmoja kwa wakati mmoja. Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kama kwingine Tanzania, hali hii haina jina moja. Husemwa tu kwamba fulani "ana mawazo", au kwamba "siku hizi anapiga mtungi sana", na wanaosema hayo mara nyingi si watu walewale: nyumbani huonekana mawazo, kijiweni huonekana mtungi. Sonona ni huzuni au kukosa raha kunakodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huku usingizi ukiharibika, chakula hakipiti, mwili umechoka bila kazi, na mtu anajiona hana thamani. Matumizi mabaya ya pombe huanza pale kinywaji kinapoleta madhara na mtu akaendelea nacho. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, umri ambao wengi ndiyo kwanza wanatafuta kazi au wanaondoka kwao, hali hizi mbili hulishana. Ikitibiwa moja na nyingine ikaachwa, mara nyingi zote mbili hurudi.

Kulishana huko kuna sababu ya kimwili. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ndiyo maana glasi za kwanza huleta utulivu, na kijana anayesema anakunywa kupunguza mawazo hasemi uongo. Lakini ubongo unaopunguzwa kasi kila jioni hujirekebisha kwa kujikaza, na pombe inapotoka mwilini, kule kujikaza hubaki. Mtu huamka saa tisa usiku moyo ukimwenda mbio na jasho likimtoka. Mawazo ya jana yamerudi, na mengine yameongezeka. Usingizi wa pombe huja upesi, ila ukifika usiku wa manane hukatikakatika. Zikipita wiki kadhaa za namna hiyo, huzuni huja hata pasipo msiba wala deni. Asubuhi, dawa ya kijiweni ni kuzimua, yaani kunywa tena. Kuzimua kunatuliza kweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake: dalili ambazo zingemshtua mtu huzimwa kabla hajazisikiliza.

Kujihesabia na kujipima

Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 za kilevi halisi kuwa kinywaji kimoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55 hivi, sawa na vinywaji vitano na nusu, nacho huingia kwenye mfuko wa koti la dereva wa bodaboda bila kuonekana. Viroba, yale mapakiti ya plastiki yaliyokuwa rahisi kununua na kuficha, vilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe kali ya ujazo mdogo bado ipo madukani. Mnazi, na boha ya miwa inayojulikana upande wa milima ya Usambara, nguvu zake hubadilika kadiri pombe hizo zinavyokaa. Gongo ni jambo jingine kabisa. Ni haramu kisheria, mnywaji hana namna ya kujua nguvu yake, na ikiwa na methanoli hupofua macho na kuua. Kwa gongo ni heri kuandika idadi ya glasi tu, maana hesabu ya gramu hapo itakuwa ya kukisia.

Kupima unywaji wenyewe, wataalamu hutumia dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Alama zake hufika 40. Kuanzia 8, unywaji umeshaingia kwenye hatari. Kuanzia 20, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwili umeshategemea pombe, na msaada wa mhudumu wa afya unahitajika. Swali la sita linauliza ni mara ngapi mtu amehitaji kinywaji cha asubuhi ili aweze kuianza siku baada ya kulewa sana. Kwa Kiswahili cha hapa, linauliza kuhusu kuzimua. Kwa upande wa sonona lipo dodoso la maswali 9, PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama zake hufika 27, na 10 au zaidi ni sababu ya kumwona mtaalamu. Swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Anayelijibu "ndiyo", hata kwa siku chache tu, haifai abaki na simu peke yake. Anahitaji mtu siku hiyohiyo.

Programu za kujisaidia zinavyofanya kazi

Msaada wa kwenye mtandao kwa hali hizi mbili kwa pamoja umejaribiwa Australia. Mark Deady na wenzake waliandaa programu iitwayo DEAL kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 wenye dalili za sonona na unywaji wa hatari. Ilikuwa na sehemu nne, kila moja ya kama saa moja, za kufanywa ndani ya wiki nne bila kukutana na mtaalamu ana kwa ana. Katika jaribio la vijana 104, lililochapishwa mwaka 2016, waliotumia programu hiyo walipungukiwa na sonona na pombe haraka kuliko kundi la kulinganisha. Baada ya miezi sita tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa kubwa tena, kwa kuwa hata lile kundi la pili lilikuwa limepata nafuu. Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa utulivu. Programu ya namna hiyo huharakisha nafuu ya mwanzo, na mwanzo ndio wakati ambao wengi hukata tamaa. Kuilinda nafuu hiyo kunahitaji watu na muda.

Karibu zaidi na Tanga kuna kazi ya Hospitali ya KCMC, Moshi. Huko majeruhi waliofika kitengo cha dharura wakiwa na tatizo la unywaji wamepewa mazungumzo mafupi na muuguzi chini ya mpango uitwao Punguza Pombe kwa Afya Yako. Walipokwisha kurudi nyumbani, ujumbe mfupi wa simu ulitumika kuwakumbusha yale waliyoyaamua wenyewe. Hilo ni muhimu kwa kijana wa Mkata au Mombo mwenye kitochi: msaada wa simu hauhitaji simu janja wala bando kubwa. Unahitaji ujumbe ulioandikwa vizuri na mtu anayeuamini.

Kiini cha programu nyingi za aina hii ni tiba ya mazungumzo inayochunguza jinsi tukio, wazo, hisia na tendo vinavyofuatana. Kijana huandika kila siku kilichotokea, alichokunywa na hali yake ya moyo kwa alama za 0 hadi 10. Mfano huu wa kubuni, wa dereva wa bodaboda wa Segera, unaonyesha kazi hiyo kwa karibu:

Jumatatu: Abiria wachache. Hesabu ya bosi haijatimia. Bia 2, kichupa 1. Hali 3.
Jumanne: Nimeamka saa 9 usiku. Mikono inatetemeka. Nimezimua. Nimeanza kazi saa 5. Hesabu haijatimia tena. Hali 2.
Jumatano: Sikunywa. Nimeangalia mpira kwa kaka. Hali 5.
Alhamisi: Bosi kapiga simu, kafoka. Nimesema mimi ni wa kushindwa tu. Bia 4. Hali 2.

Siku nne zinatosha kuonyesha kisichoonekana kijiweni. Pombe ya Jumatatu ndiyo iliyokula hesabu ya Jumanne, na hesabu ya Jumanne ndiyo iliyoleta simu ya Alhamisi. Siku pekee yenye alama 5 ni ile aliyokaa na ndugu yake. Hatua inayofuata ni ndogo, na kila kitu ndani yake kinatajwa kwa jina lake: ikifika saa kumi na moja jioni hesabu haijatimia, kijana apige simu kwa bosi yeye mwenyewe kabla hajapita grosari, kisha aende kwa kaka. Sentensi ile ya "mimi ni wa kushindwa tu" nayo huandikwa peke yake na kuulizwa ushahidi wake, kwa sababu kwa wenye sonona sentensi ya namna hiyo husikika kama habari ya kweli. Hesabu ya fedha husaidia pia. Sh 4,000 kwa jioni, siku tano kwa wiki, ni Sh 20,000, na kwa mwezi inazidi Sh 80,000.

Tahadhari za mtandaoni

Simu ya familia moja hupita mikononi mwa watu wengi. Kumbukumbu za unywaji zikae kwenye programu au daftari lenye namba ya siri. Kabla ya kujiunga na huduma yoyote, ni vizuri kuangalia inachukua taarifa gani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, na taarifa za afya ni nyeti. Kundi la WhatsApp lenye watu wa mtaa mmoja linaweza kuwa faraja, na linaweza kuwa umbea. Kundi la watu wasiofahamiana, kama mikutano ya mtandaoni ya Alcoholics Anonymous, chama cha wanaosaidiana kuacha pombe, huwafaa zaidi wanaoogopa aibu.

Matangazo ya "dawa ya kuacha pombe" isiyo na jina, ya kuwekwa kwenye chakula cha mlevi bila yeye kujua, yaachwe kabisa. Ipo dawa halali, disulfiramu, inayomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, na hutolewa kwa idhini ya mgonjwa chini ya usimamizi wa daktari. Kumlisha mtu kwa siri kunaweza kumuua.

Pale ambapo simu haitoshi

Anayekunywa sana kila siku, au anayezimua ili mikono itulie, asiache ghafla akiwa peke yake. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hiyo ni dharura ya hospitali, na dawa zake zipo. Vilevile dawa za sonona kama amitriptilini hazichanganywi na pombe.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha jirani, ambako rufaa huandikwa kwenda Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, hospitali ya wilaya Handeni, au Bombo jijini Tanga. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri. Wilaya ya Korogwe ina bahati ambayo wilaya chache zinayo: Hospitali ya Lutindi, juu milimani Usambara. Ilianza mwaka 1896 ikiwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1904, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Wagonjwa wake hufanya kazi za shamba, chai na ufundi wa mikono kama sehemu ya tiba, na wazo hilo ndilo lile la programu za simu: siku yenye shughuli na watu humpandisha mtu hali.

Anayekwenda kumwona mtaalamu achukue kumbukumbu zake za simu, hata kama ni za siku nne tu. Wengi wakiulizwa "unakunywa kiasi gani" hujibu "kidogo tu". Ukurasa wa kumbukumbu humwonyesha mhudumu bia ngapi, saa ngapi na baada ya nini. Mgonjwa anaporudi nyumbani, mtu mmoja anayemwamini, awe dada, rafiki wa kijiweni, mchungaji au imamu, akubaliane naye kumwandikia ujumbe saa kumi na moja jioni kila siku kwa mwezi wa kwanza.