Kutoka Kalafati hadi Puti: Msamiati wa Ukarabati wa Vyombo katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati wa fani mbili zinazokutana katika eneo moja: ukarabati wa vyombo vya mbao katika delta ya Rufiji, na unyooshaji wa bodi na upuliziaji wa rangi za magari katika gereji za barabara kuu ya Kusini, Kibiti ikiwamo. Mfano wa gari unaotumika ni Datsun 240Z, gari la mbio la milango miwili. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina mfumo wake wa kuzungumzia ukarabati, na kwamba uundaji wa istilahi za bodi na rangi hauna budi kuuanzia mfumo huo.

1.0 Utangulizi

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na kwa vijiji vyake vingi njia ni maji. Mtumbwi, ngalawa, mashua na jahazi ni vyombo vya lazima, na vyombo vya lazima huharibika. Kwa upande wa bara, Kibiti imekaa kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuondoa utegemezi wa kivuko cha Ndundu, safari za magari kuelekea Kusini zilirahisika. Hivyo basi, katika wilaya moja fundi wa mashua na fundi bodi hufanya kazi bila kuachana mbali.

Datsun 240Z ilianza kuundwa nchini Japani mwaka 1969. Jina lake katika Afrika Mashariki lilitokana na mashindano ya Safari, ambayo ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Leo ni gari la kale linalotafutwa na wapenzi wa magari, na adui wake mkubwa ni kutu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Kwa hiyo kutu inapokula sakafu au bati la chini ya mlango, kinachodhoofika ni nguvu ya gari zima.

2.0 Hatua za kazi

Kazi ya bodi huanza kwa kuchunguza. Fundi hupitisha sumaku juu ya bati: penye chuma hunasa, penye puti nene hainasi. Baada ya rangi ya zamani kuondolewa, bati lililooza hukatwa na kipande kipya kuchomelewa. Mabonde hunyooshwa kwa nyundo, huku kipande cha chuma kikiegemezwa upande wa pili. Puti hufuata, nayo hupigwa nyembamba ili kusawazisha tu. Kisha hupigwa msasa, mkavu kwanza na wa maji baadaye, kutoka mkwaruzo mkali hadi laini. Praima hutangulia rangi, rangi hupulizwa kwa kompresa katika matabaka mepesi, na mwisho huja tabaka la kung'arisha ambalo mafundi huliita klia.

Kazi ya mashua ina mpangilio unaolingana na huo. Chombo hupandishwa nchi kavu na mbao hukaguliwa moja moja. Ubao uliooza hung'olewa na mpya kupachikwa. Taruma lililovunjika hubadilishwa, na mti wa mlilana ni miongoni mwa mikoko inayofaa kwa kazi hiyo. Nafasi zilizo kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba, na mwishowe sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili maji na wadudu wasiupate ubao.

Ulinganifu huu unatokana na hali ya kazi. Fani zote mbili zinapambana na maji ya chumvi: mbao huoza na kuliwa na wadudu, bati hushika kutu upesi zaidi. Zote mbili hupitia hatua nne: kuondoa kilichokufa, kurudisha umbo, kuziba, na kukinga.

3.0 Njia za kuunda msamiati

3.1 Upanuzi wa maana

Neno msasa ni mfano mzuri. Asili yake ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipoingia, ilirithi jina kwa sababu ilirithi kazi. Hapa maana imefuata matumizi, si umbo.

3.2 Unyambuaji

Kitenzi chomelea kimetokana na choma kwa kurudufu kauli ya kutendea. Kiambishi kinaleta dhana ya kushikiza kitu juu ya kingine, ambayo haimo katika choma peke yake. Hali kadhalika nyoosha ni kauli ya kusababisha ya nyooka. Neno lenyewe linadokeza kwamba bati lilikuwa na unyoofu wake, na fundi anaurudisha. Kalafati, kwa upande wake, ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu kisichoishia na -a, lakini hunyambulika bila taabu: kalafatia, kalafatiwa, kalafatisha.

Aidha, kitenzi piga kimekuwa mhimili wa fani hii: piga puti, piga msasa, piga rangi. Hapa piga haimaanishi kuadhibu, bali kutumia kifaa au malighafi kwa mwendo unaorudiwa, kama ilivyo katika piga randa na piga pasi. Kwa njia hiyo nomino yoyote ngeni huweza kuingia katika sentensi ya Kiswahili siku ileile inapoingia gereji. Pamoja na hayo, lugha hutofautisha pale inapobidi: rangi ya brashi hupakwa, rangi ya kompresa hupulizwa.

3.3 Utohozi

Bodi, puti, praima, thina na klia yametoholewa kutoka Kiingereza. Hakuna sababu ya kuyaonea haya. Deheni nayo ilitoka katika mzizi wa Kiarabu unaohusu mafuta na kupaka, na katika Kiarabu mzizi huohuo hutoa neno la rangi. Lililo geni leo huwa la wenyeji kesho.

4.0 Kikwazo cha kupe

Hata hivyo, utohozi una mipaka. Gari la umbo la Datsun 240Z huitwa kwa Kifaransa coupé, neno lenye maana ya kilichokatwa. Likitoholewa kwa kufuata kanuni za sauti, linakuwa kupe. Kifonolojia halina kasoro. Kisemantiki linagongana na mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Mwenye gari hatafurahi kuambiwa kwamba kupe wake ana kutu. Fungu gari la milango miwili ni refu, lakini linaeleweka na halichekeshi. Mfano huu unaonyesha kwamba kanuni ya sauti haitoshi kuamua istilahi.

5.0 Kuziba na kuficha

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini si kila kuziba ni kukarabati. Fundi wa mashua hakalafati ubao uliooza, kwa kuwa pamba haina pa kushika. Vivyo hivyo, puti iliyopigwa juu ya kutu hunyonya unyevu, na kutu huendelea kula bati chini ya rangi inayong'aa. Mnunuzi huona uzuri. Siku ya ajali, bodi haina nguvu ya kumkinga.

Kwa hiyo mafunzo ya ufundi yanahitaji vitenzi vinavyotenganisha dhana hizi. Mwanafunzi anayesomea fani hii kwa kitabu cha Kiingereza, kisha akafanya kazi kwa Kiswahili, aweza kushika majina ya vifaa bila kushika mantiki yake. Akifundishwa kwa kulinganisha na kalafati na deheni, ataelewa upesi kwamba kinachoziba hakichukui nafasi ya kinachobeba.

6.0 Hitimisho

Msamiati wa mashua umo hatarini kadiri fiberi na injini zinavyochukua nafasi ya mbao na tanga. Ukipotea, haitapotea orodha ya majina tu, bali namna nzima ya kufikiri kuhusu uzima wa chombo. Inapendekezwa kwamba waunda istilahi wakusanye maneno kutoka majahazini na gereji kwa pamoja, wayapange kwa hatua za kazi badala ya alfabeti pekee, na wakubali kwanza neno ambalo fundi tayari analo. Taruma, kwa mfano, lingefaa kabisa kutaja mbavu za chuma zinazoshikilia bodi ya gari.