Kware, Mawe na Maji: Isotopu Zaliwa na Nafasi ya Kiswahili katika Kueleza Umri wa Ardhi ya Kajiado

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyotumia isotopu kukadiria umri wa miamba na mashapo, na kufuatilia njia za maji yaliyo chini ya ardhi. Mifano mingi imetolewa Kajiado na Bonde la Ufa nchini Kenya. Sambamba na maelezo hayo, makala yanajadili istilahi zinazohitajika ili somo hili lifundishike kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba tofauti iliyopo baina ya isotopu inayomeguka na ile inayozaliwa na mmeguko ni tofauti ya maana. Istilahi isiyoibainisha humpotosha msomaji, na katika suala la maji upotoshi huo una gharama.

1.0 Utangulizi

Kware, kwa mujibu wa kamusi zetu, ni ndege wa porini afananaye na kuku mdogo. Hata hivyo, mkaazi wa Kitengela au Ongata Rongai akisema kwamba anafanya kazi kware, hakuna amdhaniaye kuwa mwinda ndege. Kware hapo ni machimbo ya mawe ya kujengea. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza na kuzoeleka kiasi cha kuwa jina la mtaa huko Rongai. Mwanafunzi wa semantiki ataona hapa mfano wa homonimia: umbo moja, maana mbili zisizohusiana, asili mbili.

Lakini kware ni zaidi ya mfano wa semantiki. Ni mahali ambapo ardhi imefunuliwa kama kitabu, tabaka juu ya tabaka. Aliyesimama ukingoni mwa shimo lile anaweza kujiuliza maswali mawili. Kwanza, mawe haya yana umri gani? Pili, maji yanayovutwa katika kisima kirefu jirani yametoka wapi, na ni mvua ya lini iliyoyaleta? Maswali hayo yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini taaluma inayosaidia kuyajibu ni moja.

2.0 Dhana za msingi na istilahi zake

Atomu za elementi moja huwa na idadi sawa ya protoni, lakini zinaweza kutofautiana kwa idadi ya nyutroni. Aina hizo za elementi moja ndizo isotopu. Nyingine ni tulivu, hazibadiliki. Nyingine ni nururifu: kiini chake humeguka chenyewe, kikatoa mnururisho na kugeuka kuwa kiini cha isotopu nyingine. Potasiamu 40 huzaa argoni 40 na kalisi 40. Rubidiamu 87 huzaa strontiamu 87. Uraniamu 238, baada ya msururu wa mimeguko, huishia kuwa risasi 206.

Hapa ndipo istilahi inapohitaji uangalifu. Isotopu inayomeguka ni *nururifu*. Ile iliyopatikana kutokana na mmeguko si lazima iwe nururifu. Argoni 40 na strontiamu 87 ni tulivu kabisa. Kuziita zote "isotopu nururifu" ni sawa na kumwita mtoto jina la mzazi kisha kushangaa kwamba hafanani naye. Makala haya yanapendekeza *isotopu zaliwa* kwa kundi la pili. Muundo huu si mgeni: tunasema *hadhira lengwa* na *istilahi pendekezwa*, ambapo shina la kitenzi katika hali ya kutendwa linatumika kama kivumishi. Isotopu inayozaa itaitwa *isotopu mzazi*.

Kuhusu kitendo chenyewe, wapo wanaosema *kuoza* na wapo wanaosema *kumeguka*. Kuoza kunaleta picha ya uvundo na uharibifu, ilhali kiini cha atomu kinatoka umbo moja kwenda jingine kwa utaratibu. Kumeguka kunafaa zaidi. Muda ambao nusu ya isotopu mzazi huwa imekwisha kumeguka huitwa *nusumaisha*. Istilahi hiyo tunaikubali, mradi mwalimu akumbushe kwamba haisemi kuwa baada ya nusumaisha mbili kila kitu kimekwisha. Baada ya mbili hubaki robo, baada ya tatu hubaki thumuni.

Nusumaisha ndizo zinazoamua isotopu ipi itumike. Ya potasiamu 40 ni takriban miaka bilioni 1.25, ya rubidiamu 87 ni takriban bilioni 49, ya kaboni 14 ni takriban 5,730, na ya tritiamu, ambayo ni isotopu nururifu ya hidrojeni, ni miaka 12.3 tu. Saa ya ukutani haipimi mbio za mita mia, wala saa ya mbio haihesabu karne.

3.0 Umri wa mawe

Chini ya nyanda za Athi na Kapiti, zinazopakana na Kitengela, umetandazwa mwamba wa volkeno uitwao fonolaiti. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya sauti na jiwe, kwa kuwa vipande vyake vyembamba hutoa mlio vinapogongwa. Wenzetu wa isimu watambue kwamba mzizi huo ndio uliotupa fonolojia na fonimu. Fonolaiti ya Kapiti ina umri wa takriban miaka milioni 13, na ile ya Nairobi takriban milioni 5.

Umri huo ulijulikanaje? Lava inapokuwa bado majimaji, argoni huponyoka kwa sababu ni gesi isiyoungana na kitu. Lava inapopoa na fuwele za madini kama felspa kuganda, mlango hufungwa. Kuanzia hapo, kila argoni 40 inayozaliwa na potasiamu 40 ndani ya fuwele hunaswa humo. Mtafiti hupima kiasi cha mzazi na kiasi cha mzaliwa, na kwa kuwa kasi ya mmeguko inajulikana, hupata muda uliopita tangu mlango ufungwe.

Mbinu hiyo ilitikisa taaluma ya historia ya binadamu mwaka 1961, pale Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walipotangaza kwamba tabaka la chini la Olduvai, Tanzania, lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kabla ya hapo lilidhaniwa kuwa na umri wa miaka laki sita hivi.

Kwa Kajiado, mfano bora ni Olorgesailie, kando ya barabara ya kuelekea Magadi. Mashapo ya ziwa la kale yamechanganyika hapo na matabaka ya majivu ya volkeno, na kati yake zimo shoka za mawe kwa mamia. Shoka lenyewe halipimiki kwa njia hii, kwa sababu umri wa jiwe si umri wa kuchongwa kwake. Kinachopimwa ni majivu yaliyo chini na juu ya tabaka la shoka: shoka ni changa kuliko majivu ya chini na kongwe kuliko ya juu. Kwa njia hiyo imebainika kwamba mashapo makuu ya Olorgesailie ni ya kati ya miaka milioni 1.2 na takriban laki tano iliyopita. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba katika mashapo machanga zaidi ya bonde hilohilo, zana ndogo za Enzi ya Kati ya Mawe zilikuwapo kufikia takriban miaka 320,000 iliyopita.

4.0 Nambari inapopotosha

Mwanafunzi wa fasihi anajua kutofautisha umri wa utungo na umri wa nakala. Utenzi wa karne ya 18 unaweza kutufikia katika mswada wa karne ya 19, nao mswada ukabeba beti zilizochopekwa baadaye. Majivu ya volkeno yana tatizo lilelile kinyumenyume. Tabaka changa linaweza kubeba fuwele kongwe zilizobebwa na mto au kung'olewa na mlipuko kutoka mwamba wa zamani.

Hilo ndilo lililotokea Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Vipimo vya kwanza vya majivu yaitwayo KBS vilitoa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aligundua vipande vya fuvu lililokuja kujulikana kama KNM-ER 1470 chini ya majivu hayo, na fuvu likahesabiwa kuwa kongwe kuliko hata milioni 2.6. Hata hivyo, visukuku vya nguruwe wa kale havikuafikiana na hesabu hiyo, kwa kuwa nguruwe wa aina hiyohiyo walikuwa wamepatikana kwingineko katika matabaka machanga zaidi. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi hadi vipimo vipya vilipothibitisha kwamba majivu ya KBS yana umri wa takriban miaka milioni 1.9.

Funzo lake ni kwamba isotopu haidanganyi, lakini sampuli inaweza kupotosha. Ndiyo maana siku hizi hutumika mbinu ya argoni 40 na argoni 39, ambapo fuwele mojamoja huyeyushwa kwa leza. Fuwele kongwe iliyojipenyeza hujitenga na wenzake, ikatambulika na kuondolewa.

5.0 Njia ya maji

Maji hayana fuwele za kufunga mlango. Lakini yanapopita mwambani hulamba madini yake, na hivyo hubeba alama ya njia yaliyopitia. Strontiamu 87 ndiyo alama mojawapo. Miamba kongwe yenye rubidiamu nyingi imekwisha kuzaa strontiamu 87 kwa wingi. Miamba michanga ya volkeno haijapata muda huo. Uwiano wa strontiamu 87 kwa strontiamu 86 katika lava changa za Bonde la Ufa mara nyingi huwa karibu na 0.704, ilhali katika gneisi kongwe mara nyingi hupita 0.710.

Kajiado imekaa mpakani. Kaskazini na magharibi, Kitengela, Rongai na Magadi zikiwamo, ardhi ni ya volkeno. Kusini na mashariki, kuelekea Bissil na Namanga, ni miamba kongwe ya Ukanda wa Msumbiji. Kisima kikichimbwa katika lava na maji yake yakawa na uwiano wa juu, ni dalili kwamba maji hayo yamegusa miamba kongwe mahali fulani. Tahadhari ni kwamba ukanda huo una marumaru pia. Marumaru haina rubidiamu ya kutajika, hivyo huhifadhi uwiano wa chini wa bahari ya kale ilikoanzia. Kwa sababu hiyo alama moja haitoshi. Hutafutwa ushahidi wa pili, kama vile kemia ya maji.

Ushahidi mwingine ni isotopu tulivu za oksijeni na hidrojeni. Jua linapovukiza ziwa, molekuli nyepesi hutangulia kuruka na nzito hubaki. Maji ya ziwa hupata hivyo alama isiyo ya mvua. Kwa alama hiyo, watafiti katika miaka ya 1990 waliyatambua maji ya Ziwa Naivasha chini ya ardhi hadi kilomita 30 hivi kusini mwa ziwa. Hilo linasaidia kueleza kwa nini Naivasha, ziwa lisilo na mto unaotoka juu ya ardhi, lina maji baridi yasiyo ya chumvi: chumvi yake huondoka na maji kupitia chini. Vivyo hivyo, katika utafiti wa Ziwa Chala chini ya Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 1970, tritiamu na isotopu tulivu zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya maji ya chemchemi za jirani haitoki ziwani humo.

Tritiamu ilimwagwa angani kwa wingi na majaribio ya mabomu ya nyuklia, yaliyofikia kilele mapema katika miaka ya 1960. Zaidi ya miaka 60 imepita, yaani nusumaisha tano, na imebaki takriban sehemu moja katika 30. Watafiti hupima basi pamoja nayo heliamu 3, ambayo ni mzaliwa wake. Mzazi amepungua, lakini mtoto bado anatoa ushahidi. Kwa maji ya maelfu ya miaka hutumika kaboni 14, ingawa marumaru na gesi za volkeno huingiza kaboni iliyokwisha kuishiwa kaboni 14, na maji yakaonekana kongwe kuliko yalivyo.

6.0 Kinachogombaniwa

Msomaji anaweza kuuliza haya yanamhusu nini mwanachama wa chama cha Kiswahili. Yanamhusu kwa sababu Kitengela inategemea sana visima virefu. Maji yaliyoingia ardhini miaka kumi iliyopita hujazwa tena na mvua. Maji yaliyoingia maelfu ya miaka iliyopita ni mtaji, si faida. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na buyu hili halirudi kujaa katika maisha ya mchovyaji. Kamati ya maji inayoamua idadi ya visima inahitaji kujua buyu lake ni la aina gani.

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Haki ya kwanza haitekelezeki ipasavyo pasipo ya pili. Mwanakamati akielezwa kwamba maji yake yana "isotopu nururifu", atadhani yana sumu ya mnururisho na kuyakimbia. Kumbe kilichopimwa ni strontiamu 87, isotopu zaliwa tulivu isiyotoa mnururisho wowote. Wakati huohuo, floridi, ambayo imezidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita katika visima vingi vya maeneo ya volkeno nchini, haitajwi na neno hilo hata kidogo. Istilahi potofu imemfanya aogope kisichodhuru na kupuuza kidhurucho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba umri wa miamba na njia za maji ni mambo yanayoelezeka kwa Kiswahili, ilimradi dhana zitenganishwe kwanza kabla ya kupewa majina. Tunapendekeza *isotopu mzazi*, *isotopu zaliwa* na *mmeguko* zijadiliwe na kujaribiwa madarasani, na kama kuna zilizo bora zaidi, zitolewe. Wachimbaji wa Kajiado hawakungoja baraza lolote kupata neno *kware*, walilihitaji wakalitumia. Kazi ya mwanaistilahi ni kuhakikisha kwamba neno linalofuata, litakaloandikwa katika ripoti ya kisima, linamwambia mwenye kisima jambo lililo kweli.